Kurekodi Albamu ya Kwanza ya Bendi ya Roki Mkiwa Mtwara, Bila Lebo

Studio nyingi za Mtwara Mjini na Lindi zimejengwa kwa mahitaji ya Bongo Fleva na singeli: kompyuta, kinanda, spika mbili, na kibanda cha kuimbia ambacho mtu mmoja akiingia na maiki yake kimejaa. Kwa kazi hiyo zinatosha kabisa. Seti ya dramu, magita mawili yenye amplifaya na besi haviwezi kuingia humo. Kwa hiyo bendi ya roki ina njia mbili: kusafirisha watu na vyombo zaidi ya kilomita 550 hadi Dar es Salaam na kulipia studio kwa saa, au kukodi chumba hapa hapa kwa wiki mbili na kurekodi wenyewe. Kwa bendi isiyo na lebo njia ya pili ni bora, kwa sababu albamu ya kwanza inahitaji muda wa kurudia kuliko inavyohitaji maiki za bei mbaya.

Maelezo haya ni ya bendi ya watu wanne au watano ambao tayari wanapiga pamoja na wana nyimbo zao. Mkiwa na fedha kidogo na hamjui muanzie wapi kuzitumia, anzeni na chumba na ngozi za dramu. Vingine vyote vinaweza kuazimwa.

Kuchagua majira

Kusini mwa nchi mvua huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua juu ya bati hairekebishiki kwenye kompyuta, na joto la miezi hiyo huwafanya wapigaji watake feni, ambayo maiki huisikia vizuri kuliko ninyi. Rekodini kati ya Juni na Septemba, kusi linapovuma na hewa imepoa kidogo. Kusi nalo lina kelele zake: mchana hutikisa minazi na madirisha, kisha jioni hutulia.

Gawanyeni siku kwa kuzingatia majirani. Dramu na magita ya sauti kubwa yarekodiwe saa mbili na nusu asubuhi hadi saa sita, kisha mpumzike wakati wa adhana na swala ya adhuhuri, mrudi saa nane hadi alasiri. Uimbaji na magita makavu (yasiyotumia umeme) subirini usiku, baada ya isha, bodaboda zikipungua. Kabla ya siku ya kwanza nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na nyumba nne au tano za karibu mkaeleze tarehe na saa zenu. Jirani aliyeambiwa mapema huvumilia, lakini aliyeshtukizwa huja kugonga mlango katikati ya teki nzuri kuliko zote, yaani ile mara mliyoupiga wimbo vizuri mkirekodi.

Msimu wa korosho unapoanza, malori huongezeka kwenye barabara za kuelekea maghalani na bandarini. Msikodi chumba kando ya barabara hizo. Ila wakati huohuo ndio fedha zinapoingia mikononi mwa watu, tutalirudia hilo mwishoni.

Nyimbo kwanza

Albamu ya kwanza iwe na nyimbo 8 hadi 10, dakika 35 hadi 40 kwa jumla. Andaeni 12, kisha mziache mbili. Hizo mbili zitajulikana zenyewe mazoezini: ni zile ambazo kila mtu anatoa sababu ya kutozipiga leo.

Mwezi mmoja kabla ya kurekodi, wekeni simu katikati ya chumba cha mazoezi na mrekodi kila wimbo mara tatu kwa siku tofauti. Pimeni kasi ya kila teki kwa programu ya metronomu. Mkiona wimbo mmoja unaanza mapigo 132 kwa dakika na kumalizia 145, hamjaujua bado. Kwa kila wimbo andikeni karatasi moja yenye kasi, ufunguo, namna magita yalivyotuniwa, idadi ya baa (mafungu ya mapigo) za kila sehemu, na nani anaanza. Karatasi hiyo itaokoa saa nyingi, maana ubishi wa kama kiitikio cha pili kinarudiwa mara mbili au nne huwa mkubwa zaidi watu wakichoka.

Jaribuni pia kupiga wimbo mzima bila mwimbaji. Mpiga dramu ambaye hujua alipo kwa kusikia maneno tu atapotea siku ya kurekodi.

Mashairi yanataka uangalifu wake. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na roki ina pigo zito la sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, ambalo halisamehe. Pigo likiangukia "u" ya "usiku" badala ya "si", neno linasikika kama limeimbwa na mgeni. Mkazo huhama pia neno linaporefuka: "moyo" unabeba "mo", lakini "moyoni" unabeba "yo", kwa hiyo mstari uliokaa vizuri kwenye ubeti wa kwanza unaweza kuvunjika kwenye wa pili kwa sababu ya kiambishi kimoja tu. Semeni mistari kwa mdomo huku mkipiga meza, na neno lisilokaa libadilishwe, wala lisilazimishwe. Maneno yetu ni marefu: baa mbili za kasi ya wastani hubeba mizani nane kwa raha, kumi na mbili zikawa msongamano. Kwenye noti ndefu za juu wekeni maneno yanayoishia na "a", "e" au "o". Koo hufunguka kwa irabu hizo, ila "i" na "u" hubana.

Chumba

Kama mna uwezo wa kuchagua, tafuteni nyumba ya zamani ya mawe, kama zilizoko Mikindani. Kuta nene za mawe ya matumbawe huzuia kelele za nje, na dari huwa juu. Nyumba ya matofali ya saruji yenye bati bila dari ndiyo mbaya zaidi: kelele huingia kutoka juu, na sauti ya matoazi hugonga bati na kurudi kali. Chumba kiwe angalau mita 4 kwa 5, dari isipungue mita 3, na urefu na upana visilingane. Chumba cha mraba hufanya noti fulani za besi zivume kupita kiasi na nyingine zipotee.

Pigeni makofi mkiwa katikati. Mkisikia mlio wa haraka kama wa chuma kinachotetema, sauti inagongana kati ya kuta mbili zilizoelekeana. Dawa yake ni vifyonza sauti, na hapa Mtwara malighafi haina shida. Fundi seremala awatengenezee fremu za mbao za sentimita 120 kwa 60, kina sentimita 10. Jazeni makumbi ya nazi yaliyokauka na kuchambuliwa, au mablanketi na nguo za mitumba zilizokunjwa bila kushindiliwa. Funikeni kwa gunia la korosho la nyuzi. Pulizeni pumzi kupitia kitambaa: ikipita, sauti nayo itapita na kufyonzwa ndani. Salfeti la plastiki halifai, maana hurudisha sauti za juu chumbani.

Fremu 8 hadi 10 zinatosha. Mbili zisimame kwenye kona nyuma ya dramu, mbili zining'inie juu ya matoazi, zilizobaki ziwe kwenye kuta za pembeni, zikiachana na ukuta kwa sentimita 10 hivi. Nafasi hiyo ya hewa nyuma huongeza kazi ya fremu bila gharama. Magodoro yaegemezwe kwenye kona zilizobaki. Trei za mayai acheni sokoni: ni nyembamba mno. Wimbi la sauti la herzi 100 lina urefu wa karibu mita 3.4, na karatasi ya sentimita chache hailigusi.

Makumbi yanashika moto upesi. Msivute sigara chumbani, na amplifaya za taa (zenye valvu za kioo zinazopata moto) zikae mbali na fremu.

Msikaushe chumba chote, maana dramu za roki zinahitaji hewa kidogo ya chumba, vinginevyo husikika kama maboksi. Anzeni na fremu 6, sikilizeni, kisha ongezeni.

Umeme na chumvi ya bahari

Umeme ukikatika katikati ya teki, kompyuta mpakato itaendelea kwa betri lakini intafesi, kile kisanduku kinachopokea nyaya za maiki, itazimika, na teki imekwenda. Wekeni UPS ndogo, yaani betri ya akiba, kwa ajili ya intafesi peke yake. Amplifaya za gita msizichomeke humo, zitaimaliza kwa dakika chache. Jenereta, kama lazima, likae mita 30 au zaidi upande wa nyuma ya nyumba, na kompyuta itumie betri wakati wa kurekodi. Inveta za bei nafuu ambazo umeme wake si laini huingiza mlio kwenye magita, kwa hiyo jaribuni kabla ya siku yenyewe.

Mvumo mzito wa herzi 50 kwenye spika mara nyingi hutokana na vifaa kuchomekwa soketi za vyumba tofauti, kila kimoja kikipata ethi yake. Chomekeni vyote kwenye soketi moja kupitia eksitensheni nzuri yenye ethi. Wapo wanaokata mguu wa ethi ili mvumo uishe, na kweli huisha, lakini sasa nyuzi za gita na maiki ya chuma vinaweza kubeba umeme mzima, na mwimbaji anayegusa vyote viwili anaweza kufa. Fundi umeme aikague ethi ya nyumba kabla hamjahamia. Friji na taa zenye swichi ya kupunguza mwanga zizimwe.

Hewa ya pwani hula vyuma. Nyuzi za gita hushika kutu siku chache tu, kwa hiyo futeni kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza, na siku moja kabla ya kurekodi mfunge nyuzi mpya ili zipate usiku mmoja wa kukaa. Jeki na vidhibiti vinavyokwaruza vipuliziwe dawa ya kusafisha viungo vya umeme. Maiki za kondensa, zile nyepesi za kunasa sauti ambazo huhitaji umeme, zikiingia unyevu hutoa mlio wa kupasuka-pasuka. Zitunzwe kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana na pakiti za silika, zitolewe nusu saa kabla ya kazi.

Vifaa

Kiwango cha chini kinachoweza kutoa albamu ya kweli ni hiki:

- Intafesi yenye ingizo 8 za maiki na umeme wa volti 48 kwa ajili ya maiki za kondensa. Ya ingizo 4 inawezekana, lakini hapo bendi haitapiga pamoja kwa uhuru.
- Maiki 2 za kondensa zinazofanana, maiki 2 za dainamiki (zisizohitaji umeme) za aina ya Shure SM57, moja ya sauti nzito kwa ajili ya dramu la mguu, na moja nzuri ya uimbaji.
- DI moja (kisanduku cha kuingiza gita la besi moja kwa moja kwenye intafesi), stendi 6, nyaya 8 na mbili za akiba.
- Hedifoni za kufunika masikio, moja kwa kila mpigaji, na kisanduku cha kuzigawia sauti.
- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi, na diski mbili za nje.

Programu ya kurekodi ya Reaper inafaa sana kwa bendi isiyo na fedha: ni nyepesi, ina siku 60 za majaribio, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60. Wekeni ubora wa kurekodi uwe biti 24 na kiloherzi 48. Traki moja (sauti ya maiki moja) ya namna hiyo hula karibu MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo traki 8 ni MB 69 kwa dakika. Nyimbo 10 za dakika 4, teki 5 kila mmoja, ni karibu GB 14. Hizo zinatosha diski yoyote, hivyo hakuna sababu ya kufuta teki papo hapo. Kila jioni nakilini kazi yote kwenye diski mbili, na moja ilale nyumba nyingine.

Dramu

Hapa ndipo albamu ya roki inaposimama au kuanguka. Gita lililorekodiwa vibaya hurudiwa mchana mmoja. Dramu zikiwa mbaya, kila kilichowekwa juu yake kinabomoka nazo.

Nunueni ngozi mpya za juu za sneya, tomu (dramu za kati) na dramu la mguu. Kama fedha ni chache, sneya ipate mpya kwanza. Kazeni nati kwa mkono hadi zishike, kisha kwa ufunguo mzungushe nusu nusu kwa kufuata msalaba, nati moja na ile inayoielekea. Gongeni sentimita 3 kutoka kila nati na mzisikilize zote zitoe sauti moja. Ngozi ya chini ya tomu ikaze kidogo zaidi ya ya juu. Ndani ya dramu la mguu wekeni mto mmoja ugusane na ngozi zote mbili. Mto mkubwa mno hufanya pigo lisikike kama kadibodi. Skrubu na pedali zinazolia zitiwe mafuta, maana maiki ya juu itazisikia.

Kwa maiki nne, tumieni mpangilio wa mhandisi Mwingereza Glyn Johns. Kondensa ya kwanza ikae juu ya seti, mita moja hadi moja na robo kutoka katikati ya sneya, ikitazama chini. Ya pili ikae upande wa tomu kubwa, sentimita 15 hivi juu ya ukingo wake, ikitazama haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) kwa kukatiza seti. Umbali wa kila moja hadi katikati ya sneya lazima ulingane kabisa. Msikadirie kwa macho: shikilieni kamba katikati ya sneya, ivuteni hadi maiki ya kwanza, ibaneni hapo kwa vidole, kisha ipelekeni kwa ya pili. Sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa kila milisekunde moja, na tofauti ya shibiri moja tu inatosha kuifanya sneya iwe nyembamba. Maiki ya tatu ni SM57 kwenye sneya, sentimita 3 hadi 4 juu ya ukingo, ikielekea katikati na kuipa haihati mgongo. Ya nne iingie ndani ya dramu la mguu, sentimita 10 hadi 15 kutoka anapogonga nyundo.

Rekodini dakika moja, kisha msikilize maiki za juu pamoja na ya sneya huku mkigeuza polariti ya sneya, yaani kupindua wimbi lake juu chini. Upande unaotoa sauti nene ndio sahihi. Fanyeni vivyo hivyo kwa dramu la mguu. Hatua hii huchukua dakika tano na wengi huiruka, wakaja kuteseka mwezi mzima kwenye kumiksi wakitafuta uzito ambao ulijifuta wenyewe.

Geini, yaani kiwango cha kukuza sauti ya maiki, iwekwe mpiga dramu akipiga kwa nguvu zake zote, si kwa kugonga-gonga ukaguzi. Vilele vifike desibeli −12 hadi −10 kwenye mita. Kurekodi juu zaidi hakuongezi ubora kwa biti 24, na sneya ikigonga sifuri imepasuka moja kwa moja.

Bendi ipige pamoja. Mpiga dramu, mpiga besi akiwa kwenye DI, na angalau gita moja ambalo amplifaya yake iko chumba kingine. Mwimbaji aimbe mwongozo kupitia hedifoni. Kiliki, yaani mlio wa metronomu kwenye hedifoni, ni msaada mkubwa, mradi mpiga dramu amefanya nayo mazoezi. Kama inamfanya apige kwa woga, zimeni na mchague teki yenye uhai. Roki inayopumua kidogo ni bora kuliko roki iliyonyooka na kufa. Teki tatu au nne kwa wimbo, kisha pumzikeni. Baada ya ya sita mikono hulegea, na kinachofuata ni kupoteza siku. Anzeni na wimbo wa kasi ya kati mnaoujua sana, wekeni ule mgumu siku ya pili, na msiuache wimbo mzito hadi siku ya mwisho. Sneya ituniwe tena kila baada ya nyimbo mbili.

Msihamishe stendi hata moja kabla ya kusikiliza nyimbo zote mwanzo hadi mwisho, karatasi mkononi. Kurudia baa nne maiki zikiwa zilezile ni rahisi. Zikishaondolewa, sauti ile haitapatikana tena.

Gita na besi

Besi tayari iko kwenye DI. Ikiwa mna amplifaya yake, ipitisheni ile teki ya DI kwenye amplifaya na mrekodi kwa maiki, kisha mlinganishe traki mbili hizo zianze sehemu moja.

Gita: SM57 sentimita 2 hadi 5 kutoka kitambaa cha spika. Katikati ya koni sauti ni kali, ukielekea ukingoni inazidi giza. Anzeni nusu ya njia. Punguzeni kukwaruza kwa amplifaya (distosheni) kwa theluthi moja chini ya mnavyopiga jukwaani, maana traki mbili zikilala pamoja ukwaruzaji huongezeka wenyewe. Magita ya rithimu yapigwe mara mbili kwa mkono, moja lilale kushoto kabisa, jingine kulia. Kunakili teki moja na kuiweka pande zote hakuongezi upana wowote, bado itasikika katikati. Tunini kabla ya kila teki, na kagueni noti ya freti ya 12 ilingane na nyuzi wazi, kwa sababu shingo za magita hujipinda na unyevu wa huku.

Mkitaka ngoma za Kimakonde kwenye wimbo mmoja au mbili, zirekodini baada ya dramu, kwa maiki ya kondensa sentimita 40 hivi kutoka ngozini. Ngoma iliyopashwa moto hushuka sauti inavyopoa, kwa hiyo moto uwe uani tayari, na kila teki ipigwe mara tu ngoma inapotoka kupashwa. Wapigaji walipwe, majina yao yaandikwe kwenye albamu. Kama mnachukua wimbo wa jadi wenyewe, waulizeni BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kabla ya kuutoa, maana sheria ya hakimiliki inagusa pia sanaa za jadi zinapotumika kibiashara.

Sauti ya mwimbaji

Maiki sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kichujio cha pumzi katikati, godoro nyuma ya mwimbaji. Wimbo mmoja au miwili kwa usiku, basi. Teki tatu hadi tano nzima, kisha mchague mistari bora. Wanaopiga kelele za roki warekodi sehemu hizo mwisho, na siku inayofuata koo lipumzike. Maji yawe ya kawaida, si ya baridi.

Kumiksi

Pumzikeni wiki moja bila kusikiliza. Mkirudi, anzeni na maiki mbili za juu za dramu zikiwa peke yake, ongezeni dramu la mguu, sneya, kisha besi. Hadi hapo wimbo utembee. Usipotembea, magita hayataokoa kitu.

Kateni sauti za chini ya herzi 80 hadi 100 kwenye magita na uimbaji, mpunguze matope ya herzi 250 hadi 400 pale ambapo vyombo vinagombana. Besi hupenda kompresa (kifaa cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) ya uwiano wa 4 kwa 1. Maneno yakipotea chini ya magita, msimpandishe mwimbaji mara moja: yapunguzeni magita kidogo kati ya kiloherzi 2 na 4, hapo ndipo konsonanti zinapoishi. Mwangwi wa kutengeneza uwe kidogo, mna chumba tayari kwenye maiki za juu.

Jaribuni miksi kwenye sabufa ya nyumbani, spika ya bajaji, simu yenyewe na hedifoni za bei ndogo. Sikilizeni pia kwa mono, kushoto na kulia vikiunganishwa: magita yakitoweka, kuna tatizo la fezi, yaani mawimbi yanafutana. Acheni vilele vya miksi karibu na desibeli −6, bila limita (kifaa cha kuzuia vilele) kwenye traki kuu, mkimpelekea mtu mwingine afanye masta, yaani matayarisho ya mwisho ya sauti ya albamu. Hii ndiyo kazi moja ambayo ni vyema kumlipa mtu wa nje wa bendi, hata kama yuko mbali, maana faili husafiri kwa intaneti na masikio yenu yamechoka. Spotify husawazisha sauti hadi karibu −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), hivyo kuikandamiza albamu iwe kelele tupu hakuipi ushindi wowote pale. Mwambieni huyo wa masta kilele cha kweli kisizidi desibeli −1.

Haki

Siku ambayo wimbo unakamilika, si siku ambayo fedha inaingia, andikeni karatasi ya mgawanyo: nani aliandika maneno, nani tuni, asilimia ngapi, sahihi za wote. Tenganisheni haki mbili: ya utunzi, na ya rekodi yenyewe. Mpiga dramu ambaye hakutunga bado ana sehemu kwenye rekodi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ulinzi wa utunzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo karatasi hiyo itasomwa na watoto wenu. Sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na bendi BASATA. Afisa utamaduni wa halmashauri yenu atawaonyesha pa kuanzia. Kabla ya yote hayo, litafuteni jina la bendi kwenye Boomplay na Spotify. Likiwa la wengine, badilisheni sasa.

Kutoa

Msambazaji wa mtandaoni atataka faili za WAV, picha ya jalada ya pikseli 3000 kwa 3000, na majina yaliyoandikwa namna moja kila mahali. Herufi moja ikitofautiana, nyimbo zenu zinaweza kuangukia ukurasa wa msanii mwingine. Kila wimbo hupata msimbo wa ISRC, wa kuitambulisha rekodi, wa herufi na tarakimu 12, na mara nyingi msambazaji hutoa mwenyewe. Uhifadhini. Pakieni wiki nne hadi sita kabla. Spotify hutaka wimbo unaopendekezwa kwa wahariri wake uwe umewasilishwa angalau siku 7 kabla ya tarehe.

Kwa watu wa hapa, tarehe nzuri ni kati ya Oktoba na Desemba, korosho zikiwa zinalipwa. Epukeni Ramadhani. Redio za Mtwara, Masasi, Newala na Lindi zipelekewe wimbo mmoja tu uliochaguliwa, wa dakika tatu na nusu au chini yake, kwa mkono, pamoja na karatasi yenye majina na namba ya simu. Vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi pia vipelekewe huo mmoja. Watu watanakili mkitaka msitake, basi afadhali wanakili faili safi yenye jina sahihi la bendi.

Mkishatoa, tengenezeni folda ya mwisho: kila traki ya kila wimbo kama WAV ndefu inayoanzia sekunde ya sifuri, masta, toleo lisilo na uimbaji, mashairi, karatasi za mgawanyo na misimbo. Programu hubadilika na mradi wa leo unaweza usifunguke miaka kumi ijayo, lakini WAV zitafunguka. Diski mbili, nyumba mbili, na kila mwaka mtu mmoja wa bendi azichomeke na kuzikagua.